Nani Atabaki na Mtoto?

Mwalimu wa michezo alinikuta soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nimeinamia ndoo za dagaa. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mitumbwi inaingia, wabebaji wanapita na mizigo kichwani wakipiga kelele wapishwe njia. Alinisalimia, akasubiri nimalizane na muuzaji, kisha akasema, "Mama, binti yako kachaguliwa mita 1,500. Kambi ya wilaya inaanza Jumatatu, siku kumi. Nimekuja kuomba ruhusa."

Sikumuuliza amekimbia kwa dakika ngapi. Sikumuuliza kawashinda wangapi.

Nilimuuliza, "Nani atabaki na mtoto?"

Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Haya, Mama, nimekuelewa." Alipogeuka kuondoka akaongeza, si kwa ubaya: "Ukipata nafasi, msome Tegla Loroupe, yule mkimbiaji wa Kenya."

Hiyo ni wiki ya saba sasa. Dagaa wa siku ile nilishawauza, hela yake nilishaila, lakini lile swali langu bado linanirudia nikiwa nafua, nikiwa kwenye daladala, nikiwa nimelala.

Giza na mbalamwezi

Mtu wa dagaa hahesabu siku kwa kalenda ya ukutani. Anahesabu giza na mbalamwezi. Usiku wa giza taa zinawashwa huko majini, dagaa wanaufuata mwanga, na ukisimama kwetu Mabatini juu unaona ziwa kama mji wa pili. Mwezi ukipevuka, taa hazina kazi, wavuvi wanapumzika, na mimi nalala mpaka kuche.

Kwa hiyo nyumba yangu ina maisha mawili. Wiki za mbalamwezi, mtoto wangu wa mwisho, mwaka mmoja na miezi minne, anaamka akiniona. Wiki za giza natoka saa kumi usiku, na anayemwona akiamka ni binti wa dada yangu, huyo ambaye mwalimu alimwita binti yangu. Yuko kidato cha pili. Ndiye anayemkorogea uji, ndiye anayemfunga mgongoni, ndiye anayeshuka kwenye kioski cha maji na kurudi na ndoo ya lita ishirini akipanda yale mawe, halafu anampeleka mtoto kwa jirani na kukimbilia shule.

Anakimbilia kweli. Miaka miwili nimemsikia akiteremka mlima na ndoo tupu, miguu inagonga jiwe hadi jiwe bila kusita, nami nikiwa ndani napaza sauti: "Utaivunja hiyo ndoo!"

Siku kumi za kambi zilikuwa zimeangukia katikati ya giza.

Na kabla ya hapo, mazoezi yake yote yalikuwa yanaufuata mwezi wangu. Mbalamwezi anakwenda uwanjani asubuhi, giza likiingia anaacha. Mwalimu alishawahi kuniambia kwamba pumzi anayoijenga kwa wiki mbili inapotea kwa wiki mbili zinazofuata. Nilimjibu, "Mwalimu, hata mimi mtaji wangu ndivyo ulivyo." Nilidhani nimejibu vizuri.

Jina nililokuwa nalo tangu zamani

Mbalamwezi ilipokuja nikakaa na simu.

Tegla Loroupe sikuwa mgeni naye kabisa. Waliokulia upande huu wa ziwa miaka ya tisini na redio nyumbani walilisikia jina hilo hata kama hawakufuatilia riadha. Kwangu lilikuwa jina la mwanamke wa Kenya aliyeshinda mbali. Mwanzo wake sikuwa naujua, na mwanzo ndio ulionikamata.

Amezaliwa 1973, mtu wa kabila la Pokot, kaskazini-magharibi mwa Kenya, katika nyumba yenye watoto wengi mno: yeye na ndugu 24. Utoto wake ulikuwa shamba, ng'ombe, na kulea wadogo zake. Shule ilikuwa kilomita kumi kutoka nyumbani, akaikimbia pekupeku. Huko shuleni akaanza kuwashinda wakubwa kuliko yeye, mita 800, mita 1,500.

Mita 1,500.

Alipotamka kwamba anataka kuwa mkimbiaji, baba yake hakutaka. Hiyo haikuwa kazi ya mwanamke. Nyumbani aliyesimama naye ni mama yake, Mary.

Niliweka simu chini. Nilikuwa nimeanza kusoma nikidhani nitamkuta binti wa dada yangu mle ndani, na kweli nilimkuta. Ila nilijikuta na mimi, na sikuwa Mary. Nilikuwa yule baba.

Kumtetea baba

Siku kadhaa nilimtetea. Nawaambia ukweli, nilimtetea kwa nguvu, kwa sababu nilikuwa najitetea mimi.

Mtu mwenye nyumba ya watoto wote wale anahesabu mikono. Nani yuko kwa ng'ombe, nani yuko shambani, nani kambeba mdogo. Mkono mmoja ukitoka, kazi yake haiondoki nao, inamwangukia mwingine. Wanaotuandikia kwamba mzazi fulani alimzuia mtoto wake huwa hawasemi ile ndoo ya maji ilibebwa na nani baadaye.

Tena watoto waliokimbia kilomita kumi kwenda shule pekupeku katika nchi hizi zetu ni maelfu kwa maelfu. Mimi mwenyewe nimetembea sana kwenda shule, na Usukumani nawajua waliotembea kunizidi. Hatukuwa mabingwa. Tulichoka tu, tukafika tumechelewa, tukachapwa. Kwa hiyo ninapomsikia mtu anasema shida ndiyo iliyomfanya fulani awe bingwa, moyo wangu unakataa. Ingekuwa shida ndiyo inayotengeneza mabingwa, mlima wa Mabatini ungejaa medali.

Na kuna hofu nyingine ambayo wazazi wa kike wataielewa bila maelezo. Kambi. Wasichana wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, wanalala wapi, na nani? Anayewaangalia usiku ni mwanamke au mwanamume? Hofu hii siioni kuwa ujinga, na sitaki mtu anisaidie kuiacha.

Lakini Mwaloni sikuuliza hilo. Ningeuliza hilo, leo nisingekuwa naandika. Niliuliza nani atabaki na mtoto.

Nafasi ya 28

Kitu kimoja katika maisha ya Tegla nimekirudia kuliko ushindi wake wote.

Wenye riadha ya nchi yake hawakumtaka mwanzoni. Walimwona mdogo mno, mwembamba mno, na hata alipokomaa urefu wake haukuzidi sana mita moja na nusu. Mwaka 1988 akashinda mbio za nyika zenye jina, bila viatu, ndipo wakaanza kumtazama. Viatu vyake vya kwanza vya kukimbilia alipovipata, alivivaa kwenye njia mbaya tu.

1989 akapelekwa mbio za nyika za dunia, upande wa vijana. Akawa wa 28.

Mwaka uliofuata akarudi. Wa 16.

Hapo ndipo nilipokaa. Kuhusu bingwa kila mtu anajua la kusema. Lakini binti yako angerudi kutoka ng'ambo, umemkosa nyumbani kwa wiki kadhaa, ndoo umebeba wewe, mtoto amelia na wewe, halafu akakwambia, "Mama, nimekuwa wa ishirini na nane," ungesemaje?

Mimi najua ningesemaje. Ningesema, "Si nilikwambia?"

Kutoka ile nafasi ya 28 mpaka New York ilipita miaka mitano. Novemba 1994, umri miaka 21, katika marathoni yake kubwa ya kwanza, akamaliza saa 2, dakika 27 na sekunde 37, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio zile. Watu wanaukumbuka mwaka huo. Mimi nafikiria ile mitano ya kabla, ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpisha, na yeye akaendelea kuamka.

Mwaka wa pili New York

1995 alirudi New York akiwa na msiba. Dada yake alikuwa amefariki siku chache kabla ya mbio. Akakimbia, akashinda tena.

Nimeshindwa kulielewa jambo hili na sitajifanya nimelielewa. Kwetu msiba ni kukaa chini. Unakaa mkekani, watu wanakuja, unapikiwa, hufanyi kitu. Nilipompoteza mama yangu niliambiwa nisishike hata ufagio. Mtu kukimbia kilomita 42 na mita 195 na maiti ya dada yake ikiwa bado mbichi moyoni, nilipoisoma mara ya kwanza niliona ni ukatili, sijui wa nani kwa nani.

Baadaye nikafikiria: labda kwake mkeka ulikuwa ile barabara. Labda kuna watu ambao wakikaa chini ndio wanakufa.

Nilimkumbuka binti. Mama yake, dada yangu, hajafa, lakini ameondoka na hapigi simu, na sisi nyumbani hatulizungumzi. Siku simu inapopita mwezi bila kulia, yeye ndiye anayejitolea kwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa. Anateremka mbio. Mimi miaka miwili nimekuwa nikihesabu hiyo kama utiifu.

Rekodi, kisha tumbo

Rekodi nitazipitia haraka maana mnazipata popote. Aprili 1998, Rotterdam, saa 2:20:47, rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake. Ile ya Ingrid Kristiansen wa Norway ilikuwa imekaa tangu 1985. Septemba 1999, Berlin, akaikata yake mwenyewe kwa sekunde nne, 2:20:43. Nusu marathoni ya dunia alishinda miaka mitatu mfululizo, 1997, 1998, 1999. Mwafrika wa kwanza kuishika rekodi ya marathoni kwa wanawake alikuwa yule waliyemwona mwembamba mno.

Kisha ikaja Sydney, 2000. Michezo ya Olimpiki, yeye ndiye mwenye rekodi, dunia nzima inamtarajia. Usiku wa kuamkia mbio chakula kikamchafua tumbo vibaya. Akaanza hivyo hivyo. Akawa wa 13. Siku chache baadaye akasimama tena, mita 10,000, akawa wa tano.

Medali ya Olimpiki hakuwahi kupata.

Binti nilimsimulia haya usiku mmoja tukichambua mchele. Nilitaka kumwonyesha kwamba hata mkubwa anashindwa. Alisikiliza, mikono haikusimama, halafu akauliza, "Mama mdogo, kwa hiyo alikuwa anaumwa na wakamwacha akimbie?"

Nikasema hakuna aliyemwacha, alitaka mwenyewe.

Akasema, "Eeh. Mwenyewe."

Hakuongeza neno. Mchele uliisha, akaenda kulala.

Dakika mbili na sekunde mbili

Wapo mtakaosema hiyo ni Kenya, wao wana riadha yao, sisi tuna nini. Na mimi nilisema hivyo.

Septemba 2023, Berlin ileile, Magdalena Shauri wa Tanzania alimaliza wa tatu kwa saa 2:18:41, rekodi ya taifa. Siku hiyo Mhabeshi Tigst Assefa alikimbia 2:11:53 na dunia yote ikamtazama yeye, kwa haki. Ila mimi nilichukua kalamu. Tegla 1999 katika mji ule: 2:20:43. Shauri: 2:18:41. Mwanamke wa Tanzania alipita katika mji uleule kwa dakika mbili na sekunde mbili chini ya muda ambao uliwahi kuwa bora kuliko wote duniani.

Niliwauliza wanawake sita pale Mwaloni kama wanamjua Magdalena Shauri. Wawili walisema ni mbunge.

Sina la kuwalaumu. Sisi wenyewe tunasimama barabarani hapa Mwanza siku ya Rock City Marathon tukiwapigia makofi wasichana wa watu wengine, tukirudi nyumbani tunauliza nani kachota maji.

Alichokifanya baada ya miguu

Kuna sehemu ya maisha ya Tegla niliyotaka kuiruka kwa sababu niliona si ya mbio. Mwaka 2003 alianzisha taasisi ya amani yenye jina lake, na huko kwao Kapenguria akaanza kuwaita vijana wa jamii za wafugaji, wale waliokuwa wakiibiana ng'ombe na kuuana, waje wakimbie kilomita kumi pamoja. Watu walioshika bunduki jana wanapumuliana kisogoni leo.

Halafu 2016 akaongoza msafara wa timu ya wakimbizi kwenda Olimpiki ya Rio. Wanamichezo kumi, watano kati yao wakimbiaji wa Sudan Kusini waliotoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, wakafanyia mazoezi kwake Ngong, karibu na Nairobi. Aliyebeba bendera alikuwa msichana, Rose Nathike Lokonyen, ambaye huko Kakuma alikuwa akiwaangalia wadogo zake.

Wadogo zake, tena.

Nikaona sasa si jambo la kuruka. Tegla alikuwa mtoto mlezi. Alipopata nguvu ya kwenda kuchagua watu, aliingia kambini akatoka na mtoto mlezi mwingine. Nadhani aliwajua kwa kuwaona tu, kama ninavyomjua mimi dagaa aliyelala na mvua hata kabla sijamshika.

"Nilishaacha"

Wiki ya tano nilifanya nilichodhani ndicho kinachotakiwa. Nilimwita binti, nikamkalisha, nikamwambia, "Nimekuruhusu. Ukichaguliwa tena, nenda."

Nilitegemea atafurahi. Nawaambia kweli, nilikuwa nimeshajiandaa kulia.

Alisema, "Ahsante, Mama mdogo. Lakini mimi nilishaacha."

Lini? Tangu siku ile. Mwalimu alirudi shuleni akamwambia kwa upole kwamba nyumbani kuna majukumu, akamweka mwingine. Yeye akamrudishia mwalimu viatu vya kuazima. Hakununa, hakunijibu vibaya hata siku moja, uji wa mtoto haukuungua. Nilikaa naye nyumba moja wiki tano bila kujua.

Usiku huo niliona wazi kitu ambacho simu haikuniambia. Ruhusa nilikuwa nimempa ya mdomo tu. Giza lingerudi, ningetoka saa kumi, na mtoto angeamka. Mary, mama yake Tegla, sidhani kama alisema "nenda" akaishia hapo. Sijamsoma popote akieleza, lakini mimi ni mwanamke mwenye nyumba. Mtoto wa kike hawezi kutoka bila mtu kushika alichokuwa amekishika.

Asubuhi nilimwendea mwenzangu mmoja wa Mwaloni, naye ana mtoto mdogo, tukapanga. Wiki za giza yeye ananunua kwa ajili yetu wote wawili Jumanne na Jumamosi, mimi nabaki na watoto. Alhamisi mimi naenda, yeye anabaki. Faida imepungua. Jumamosi ndiyo yenye wateja wa jumla na nimeipoteza, na mwezi huu ada ya kikoba nimechelewesha. Nayasema haya kwa sababu sipendi simulizi ambazo mzazi anabadilika moyo na hela haitajwi.

Kisha nikaenda shule. Mwalimu alinisikiliza. Nikamuuliza la kambi pia, anayelala na wasichana ni nani. Akanitajia mwalimu wa kike, akaniitia, tukasalimiana. Orodha ya mwaka huu imefungwa, alisema, lakini Jumamosi kuna wanaokimbia barabara ya Luchelele, saa kumi na mbili asubuhi. Akaingia ofisini, akatoka na viatu vilevile kwenye mfuko wa nailoni.

Niliviweka mlangoni. Sikusema kitu.

Jumamosi ya kwanza havikuguswa.

Jumamosi ya pili pia. Nilishuka kuchota maji mwenyewe, nikapanda na ndoo kichwani, nikapumzika mara tatu kwenye mawe. Mara tatu. Yeye nilikuwa sijawahi kumwona akipumzika hata mara moja.

Leo ni Jumamosi ya tatu, na ni giza. Nilimsikia saa kumi na moja na robo akifungua mlango taratibu, nikadhani anaenda chooni. Ndoo zilikuwa zimejaa, nilizijaza jana jioni. Nilisubiri. Kisha nikasikia miguu kwenye mawe, inateremka, jiwe hadi jiwe, na mara hii sauti yake ilikuwa nyingine, ya soli.

Sasa ni saa mbili kasorobo. Naandika kwa mkono mmoja, mtoto kalala begani na uji umepoa. Kutoka Luchelele mpaka hapa ni mbali, na daladala sikumpa nauli.

Bado hajarudi.